Fangasi sugu: Safari ya kapsuli moja inayonunuliwa mpakani

Na MWANDISHI WETU

MTU akiugua mjini Busia hahitaji kwenda mbali kutafuta dawa. Kuanzia kituo cha mabasi upande wa Kenya hadi vichochoro vya Sofia upande wa Uganda, maduka ya dawa yamebanana na vibanda vya kubadilishia pesa, mitumba na mayai.

Kwa mama anayevusha mahindi au dagaa, hiyo ni neema. Akikaa katika foleni ya kliniki hadi saa nane mchana, siku ya soko itakuwa imempita. Kwa hivyo husimama dirishani, hupunguza sauti ili anayemfuata asisikie, na kuomba “dawa ya fangasi”.

Anachopewa mara nyingi ni kapsuli moja ya fluconazole, miligramu 150. Huimeza kwa soda na kuendelea na safari yake ya Tororo, Malaba au kijijini Masinya. Siku mbili tatu zikipita, kuwashwa kumepungua. Miezi miwili baadaye kukirudi, naye hurudi dirishani.

Kapsuli hiyo yenyewe haina ubaya. Kwa fangasi wa kawaida wa ukeni, hiyo moja ndiyo dozi kamili, na kwa wengi hutibu. Lakini dawa hiyo hiyo, kwa kiasi kinachofika mara nane ya kile, ndiyo inayotegemewa katika wodi kuokoa mtu ambaye fangasi wamemwingia kwenye ubongo. Na fangasi wa aina zote mbili, wa ukeni na wa kichwani, wana mbinu zinazofanana za kuikwepa.

Ili kuelewa mbinu hizo, msomaji hana budi kuanza na kitu anachokijua vizuri: hamira.

Kijiko cha hamira kinachotiwa kwenye unga wa mandazi kina mabilioni ya viumbe hai, kila kimoja kikiwa na seli moja tu. Jamii hiyo hiyo ndiyo huchachusha busaa, na ndiyo hufanya kazi ndani ya chungu cha ajono ambacho wazee wa Teso na Tororo hukizunguka wakivuta kwa mirija mirefu. Candida, anayeleta utando mweupe mdomoni na kuwashwa ukeni, ni binamu wa hamira. Cryptococcus, anayeshambulia ubongo, ni binamu wa mbali zaidi, lakini naye huishi kama hamira, seli moja moja.

Kila seli imefunikwa na utando wa mafuta, mwembamba kiasi kwamba tando elfu kumi zikipangwa moja juu ya nyingine zinakaribia tu unene wa ukurasa wa daftari. Nje ya utando huo upo ukuta mgumu, lakini ukuta hupitisha vitu vingi. Kazi ya kuamua nini kiingie na nini kitoke imeachiwa utando. Wakazi wa mpakani hawahitaji mfano mwingine: upo mlango rasmi, wapo walinzi, na zipo njia za panya.

Utando unahitaji kitu cha kuushikilia usiwe laini kupita kiasi wala usikauke. Kwa binadamu, kazi hiyo hufanywa na kolesteroli, ile ambayo madaktari hutuonya nayo kila tukila nyama ya mafuta. Fangasi hana kolesteroli. Yeye hutumia kitu kinachofanana nayo sana, ergosteroli. Mkemia Mfaransa aliyeitwa Charles Tanret ndiye aliyeitenga mwaka wa 1889 kutoka kwa kuvu inayoharibu nafaka za Ulaya.

Tofauti hiyo ndogo kati ya kolesteroli na ergosteroli ndiyo nafasi ambayo dawa nyingi za fangasi huitumia. Viuavijasumu vya kawaida havina la kufanya hapo. Ndiyo maana zile kapsuli za rangi mbili ambazo wengi humeza kwa kila ugonjwa haziui fangasi. Tena huweza kuwaongeza, kwa sababu huua bakteria wema ambao huwazuia Candida wasizaane.

Mwaka wa 1950, wanasayansi wawili wanawake wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, walitangaza dawa ya kwanza ya fangasi iliyofaa kutumiwa na binadamu. Waliiita nystatin kwa heshima ya jimbo la New York walikofanyia kazi. Kina mama wanaijua: ni yale matone ya manjano anayowekewa mtoto mchanga mwenye utando mdomoni. Nystatin huishika ergosteroli moja kwa moja.

Miaka michache baadaye, katika muongo huo huo, udongo wa kando ya mto Orinoco nchini Venezuela ulitoa ndugu yake mwenye nguvu zaidi, amphotericin B, ambayo hutiwa kwenye mshipa. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba dawa hiyo hutoboa matundu katika utando. Mwaka wa 2014 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kazi yake kubwa ni kama ya sifongo: hukaa juu ya utando na kuifyonza ergosteroli hadi seli ife. Kwa kuwa kolesteroli yetu inafanana na ergosteroli, dawa hiyo haiwatambui maadui kikamilifu. Mgonjwa hutetemeka, hupata homa, damu hupungua na figo huumia.

Fluconazole ilipoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya themanini ilionekana kama ukombozi. Humezwa, haisumbui figo kwa kiwango kile, na leo viwanda vingi huitengeneza kwa bei nafuu. Yenyewe haigusi ergosteroli. Huenda ndani ya seli na kukifunga kimeng’enya kinachoitengeneza. Fangasi hubaki na malighafi ambayo haijakamilika, nyingine ikiwa sumu kwake, na utando wake huharibika.

Hapa kuna jambo ambalo halisemwi dirishani. Mara nyingi fluconazole haimuui fangasi. Humsimamisha tu asizaane. Kazi ya kummaliza huachiwa kinga ya mwili. Mtu mwenye afya humaliza kazi hiyo bila hata kujua. Ambaye kinga yake imeshuka, kwa Ukimwi au kwa sababu nyingine, hana wa kuimaliza, na fangasi hupata muda wa kukaa na dawa na kuizoea.

Wanavyoizoea

Njia ya kwanza ya fangasi ni kubadilisha kidogo umbo la kile kimeng’enya ili dawa isikishike vizuri. Njia ya pili ni kukitengeneza kwa wingi hadi dawa isitoshe.

Njia ya tatu imo ndani ya utando wenyewe. Fangasi huwa na pampu ndogo za protini zilizosimikwa katika utando. Dawa ikiingia, pampu huikamata na kuirudisha nje, kama mzigo uliovuka mpaka ukakutana na maafisa wakali upande wa pili. Dawa iko kwenye damu, mgonjwa ameimeza, lakini ndani ya seli hakuna kitu.

Pampu maarufu zaidi ya Candida ilipatikana kwa msaada wa hamira. Mwaka wa 1995 Profesa Rajendra Prasad wa Delhi, India, na wenzake walieleza jinsi walivyochukua hamira iliyoondolewa pampu yake, ikiwa nyonge mbele ya sumu za kila aina, wakaitia jeni za Candida. Hamira iliyopokea jeni moja, ambayo waliiita CDR1, ilikuwa sugu mara moja, na si kwa dawa moja tu.

Hilo la mwisho lina maana kubwa kwa wanunuzi wetu. Clotrimazole ya krimu, ketoconazole ya kumeza na fluconazole ni za ukoo mmoja, na pampu ile ile inaweza kuzitema zote. Mtu anayeacha krimu iliyomshinda na kununua kapsuli ya ukoo huo huo amebadilisha gari, lakini barabara ni ile ile.

Ipo njia ya nne, ya hatari zaidi ingawa haitokei sana. Fangasi huacha kabisa kutumia ergosteroli na kuujenga utando wake kwa kitu kingine. Hapo amphotericin nayo hukosa cha kushika, na daktari hujikuta amepoteza dawa mbili kwa mpigo. Fangasi naye hulipia, kwani utando wa namna hiyo ni dhaifu, na huenda ndiyo sababu hatuwaoni wengi wa aina hiyo.

Je, haya ni ya maabara tu? Hapana. Nchini Uganda, watafiti walipima Cryptococcus kutoka kwa wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo. Katika sampuli za mwaka wa 1998 na 1999, mikrogramu 4 za fluconazole kwa kila mililita zilitosha kuzuia nusu ya sampuli. Katika zile za kati ya 2010 na 2014, kiasi hicho kilikuwa kimepanda hadi 8. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 2015.

Kilichotokea katikati kinajulikana. Kampuni ya Pfizer ilianza kutoa fluconazole bila malipo Afrika Kusini mwaka wa 2000, na mpango huo ukapanuliwa hadi nchi nyingine maskini. Ulisaidia wengi, na sitaki kuubeza. Lakini katika hospitali nyingi ambazo amphotericin haikupatikana, fluconazole ikawa dawa ya pekee kwa ugonjwa ambao ulihitaji dawa mbili.

Uchunguzi uliofanywa kwa wagonjwa nchini Tanzania na kuchapishwa mwaka wa 2019 ulionyesha kinachoendelea ndani ya mwili mtu akipewa fluconazole peke yake. Kati ya Cryptococcus wengi wanaozuilika na dawa wamo wachache waliojiongezea nakala za kromosomu. Mara nyingi huwa ni kromosomu ya kwanza, na humo ndimo zilimo jeni ya kile kimeng’enya na jeni ya pampu. Kwa hatua moja fangasi amepata ngao mbili. Dawa ikiendelea, wachache hao ndio wanaobaki na kuzaana. Ikiondolewa, huweza kuziacha nakala za ziada na kurudi kama zamani, na kipimo cha maabara kikawakosa.

Waliopewa dawa ya pili, flucytosine, pamoja na fluconazole, hawakuota kundi hilo sugu. Flucytosine huingia ndani ya seli kwa kupitia mlango mwingine wa utando na kufanya kazi tofauti kabisa. Nayo ikitumiwa peke yake hushindwa haraka, kwa kuwa fangasi huufunga mlango huo au kuacha kuigeuza kuwa sumu. Zikiwa pamoja, anayekwepa moja hukutana na nyingine.

Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka wa 2022 lilitumia hoja hiyo hiyo. Wagonjwa 844 wa Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini walishiriki. Kundi moja lilipewa dozi moja tu, kubwa, ya amphotericin iliyofungwa ndani ya matone ya mafuta ili isiumize figo, pamoja na flucytosine na fluconazole kwa siku 14. Baada ya wiki kumi, asilimia 24.8 walikuwa wamefariki, ikilinganishwa na asilimia 28.7 katika kundi la matibabu ya zamani. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani (WHO) liliyapendekeza matibabu hayo mapya.

Bado mtu mmoja kati ya wanne alikufa, na hao walikuwa ndani ya jaribio lenye wauguzi na maabara. Wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa.

Na kuchelewa huko mara nyingi huanza kwa kichwa. Kichwa huuma kwa wiki nzima, kisha wiki ya pili. Mtu hununua panadol, kisha dawa ya malaria, kisha ile ya taifodi. Macho yakianza kuona vitu viwili viwili, shingo ikikakamaa au maneno yakianza kuchanganyika, ugonjwa umeshaenda mbali. Kwa mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi, hasa aliyeacha dawa kwa muda kwa sababu ya safari, kichwa cha namna hiyo si cha dirishani. Kipo kipimo cha damu kinachoweza kuonyesha Cryptococcus hata kabla ya kichwa kuanza kuuma.

Wanaorejea kutoka mbali

Yupo fangasi mwingine ambaye wanaorejea nyumbani wanapaswa kumjua kwa jina: Candida auris. Alielezwa kwa mara ya kwanza nchini Japan mwaka wa 2009 baada ya kutolewa katika sikio la mgonjwa, na jina lake kwa Kilatini lina maana ya sikio. Wengi wa jamii hii hawasikii fluconazole kabisa, kwa mbinu zile zile za kimeng’enya kilichobadilika na pampu zinazofanya kazi kupita kiasi. Baadhi hawasikii hata amphotericin.

Hayuko mbali. Katika hospitali moja ya Nairobi, kati ya wagonjwa 201 waliopatikana na Candida katika damu kuanzia 2010 hadi 2016, 77 walikuwa na auris. Oman iliripoti wagonjwa wake wa kwanza waliougua mwaka wa 2016 na 2017, na nchi nyingine za Ghuba ambako vijana wetu huenda kutafuta kazi zimeshampata. India, ambako familia nyingi za Kenya na Uganda huchangisha harambee kupeleka wagonjwa wa moyo na saratani, imekuwa naye kwa miaka. Vipimo vya jeni vilivyochapishwa mwaka wa 2020 vilionyesha kwamba Kenya ina auris wa koo zaidi ya moja, ishara kwamba aliingia zaidi ya mara moja.

Haya hayasemwi ili mtu aliyetoka Muscat au Dubai anyooshewe kidole. Candida auris haenezwi kwa kusalimiana sokoni, na mtu mzima wa afya ni nadra sana kuugua. Yeye hukaa kwenye ngozi bila dalili na huvizia katika wodi za wagonjwa mahututi, kwenye mipira ya mkojo, mashine za kupumulia na reli za kitanda. Baadhi ya sabuni za hospitali hazimuui, jiki humuua.

Kwa hivyo ombi kwa aliyelazwa ng’ambo, au hata Nairobi, katika mwaka uliopita ni dogo tu. Akilazwa tena huku nyumbani, amwambie daktari alilazwa wapi na kwa muda gani, na barua ya kuruhusiwa kutoka hospitali aje nayo. Wengi huitupa uwanja wa ndege pamoja na tiketi.

Wakulima nao wamo, ingawa kwa njia ya kuzunguka. Dawa nyingi za kunyunyizia kahawa, ngano na mboga dhidi ya kuvu, kama tebuconazole na propiconazole, ni za ukoo wa fluconazole. Mwaka wa 2014 watafiti waliripoti kwamba walipata katika udongo wa kaskazini mashariki mwa Tanzania kuvu ya Aspergillus iliyo sugu kwa dawa za hospitali za ukoo huo. Huyo si wa jamii ya hamira, bali ni ukungu wa nyuzi unaoshambulia mapafu. Hata hivyo naye huitegemea ergosteroli, na WHO ilipotoa orodha yake ya kwanza ya fangasi hatari mwezi Oktoba 2022, ilimweka katika kundi la juu kabisa pamoja na Cryptococcus, Candida auris na Candida wa kawaida.

Turudi kwa mama wetu wa dirishani. Kumwambia asinunue dawa ni maneno ya mtu asiyejua maisha ya mpakani. Anachoweza kufanya ni kuhesabu. Mara moja kwa mwaka si ajabu. Ikifika mara tatu au nne, huyo hahitaji kapsuli nyingine bali kipimo, kwa sababu huenda si fangasi hata kidogo. Bakteria na trikomona huwasha vilevile, na fluconazole haiwagusi. Apimwe sukari na virusi vya Ukimwi pia, kwa kuwa vyote viwili hufungulia Candida mlango.

Kama ana mimba, asimeze kapsuli. Dawa ya kuweka ukeni ndiyo hutumika. Kama anatumia dawa nyingine kila siku, hasa ya kuzuia damu kuganda, aseme kabla ya kulipa. Na kama ameandikiwa vidonge vya wiki moja au mbili kwa ajili ya utando wa mdomoni au kooni, asimgawie dada yake nusu eti kwa sababu wote wanawashwa. Nusu dozi ndiyo hali ambayo pampu zile huipenda: dawa ya kutosha kuwaua wanyonge, isiyotosha kuwaua wenye nguvu.

Aombe pakiti pia, au angalau kipande cha karatasi chenye jina la dawa na miligramu zake. Kapsuli iliyokatwa kwa mkasi na kutiwa kwenye bahasha ya kaki haina jina. Daktari wa Tororo akiuliza alikunywa nini, jibu la “ile ya waridi” halimsaidii, na matibabu huanza upya na dawa ile ile iliyokwisha kushindwa.